Kibaba Kikijaa

Mama mmoja wa kwetu Endagikot aliwahi kuniuliza swali ambalo sijamaliza kulijibu hadi leo, na sasa ni miaka karibu thelathini. Swali lenyewe nitalisema mbele kidogo, kwa sababu bila kisa chake halina uzito. Kisa hicho sikukipenda wakati kilipotokea, wala sikipendi sasa ninapokiandika. Lakini nimekwisha kuwa mzee, na mzee akificha makosa yake vijana watayarudia wakidhani ni mapya.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati. Nilizaliwa katika vilima vya Mbulu, nikajifunza kuhesabu kwa Kiiraqw kabla ya Kiswahili: wak, tsar, tam, na kuendelea, nikiwa nachunga kondoo. Baadaye kazi ikanipeleka mjini Arusha, na huko ndiko nilikokutana na kompyuta kwa mara ya kwanza. Msomaji kijana huenda hajui kwamba nchi yetu iliipokea mashine hii mapema, kisha ikaikataa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo kizazi changu kilisoma hadi chuo bila kuigusa, na zilipoanza kuonekana kwenye ofisi za mjini miaka ya 1990 tulizikimbilia kama watu waliofungiwa ndani mvua nzima.

Nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika, yenye kioo cha rangi moja, na nikaanza kujifunza kutunga programu kwa lugha ya Pascal. Lugha hiyo ilitungwa na Mswisi Niklaus Wirth na ikatangazwa mwaka 1970. Jina lake ni la mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17. Toleo nililopata mimi ni Turbo Pascal la kampuni ya Borland. Programu ilikuja kwa disketi, na mwongozo wake nilikopeshwa na rafiki kwa muda wa siku tatu tu.

Hapa ndipo kosa langu lilipoanzia, nami naomba msomaji alitazame vizuri, maana lilikuwa dogo sana. Mwongozo ulikuwa mnene. Kutoa kivuli kulikuwa na bei kwa kila ukurasa, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Nikakaa chini na kalamu, nikachagua kurasa za kutoa kivuli na kurasa za kuacha. Nilichagua zile zenye mifano na maelezo ya amri. Nikaacha zile zenye majedwali: aina za namba, ndogo yake na kubwa yake, thamani zilizowekwa tayari ndani ya lugha. Nilijiambia kwamba mtu mwenye hisabati yake kichwani hahitaji kununua karatasi ya kumweleza namba ni nini.

Wakati huo watu wa kwetu walikuwa wameanzisha chama kidogo cha kuweka na kukopa. Sitakitaja jina, na wala hakikuwa na kosa. Wanachama walikuwa wakulima na wafugaji wa vijiji vya kuzunguka mji wa Mbulu: watu wa mahindi, maharage, vitunguu saumu, na ng'ombe wawili watatu. Mtu aliweka shilingi 200, mwingine 500, siku ya mnada pengine 2,000. Katibu aliandika katika daftari, na kila mwezi daftari lilipanda basi, likapita Karatu na Makuyuni hadi Arusha, kwa sababu chama kiliniomba niwatunzie hesabu kwa kompyuta. Nilikubali kwa fahari. Nani asingekubali? Ukutani mwa duka la jirani yangu palikuwa na maandishi, «Mali bila daftari hupotea bila habari», nami nilijiona kwamba nimewapatia watu wangu daftari lisilochanika wala kuliwa na mchwa.

Nilitunga programu kwa muda wa miezi miwili. Nikaijaribu kwa namba nilizozibuni mwenyewe: 200, 500, 1,250. Ikajumlisha sawasawa. Kisha nikaandika mwongozo wa Kiswahili wa kurasa kumi na moja, ili kama nikihamishwa mtu mwingine aweze kuendelea. Nilieleza jinsi ya kuwasha, kuingiza jina la mwanachama, kuingiza akiba, kuchapa taarifa. Niliandika hata jinsi ya kufuta vumbi kwenye printa. Katika kurasa hizo kumi na moja hapakuwa na sentensi moja iliyosema ni kiasi gani cha juu ambacho programu ile ingeweza kukibeba.

Mwaka mzima mambo yalikwenda vizuri. Taarifa zilichapwa, zikapanda basi, zikasomwa mbele ya mkutano. Watu walipenda kusikia majina yao yakisomwa kutoka karatasi ya kompyuta.

Ikafika Januari 1996. Mama ninayemsema alikuwa mweka akiba hodari kuliko wote. Alikuwa mjane, hajui kusoma, na kila mnada alileta kitu. Akiba yake ilikuwa imefika shilingi 31,500. Mwezi huo akaongeza 1,500, na pale pale akapeleka ombi la mkopo, kwa kuwa mwanawe alikuwa amepata nafasi ya kidato cha kwanza na shule ilitaka ada, sare, godoro na ndoo. Kila mtu aliyejua kujumlisha angesema akiba yake sasa ni 33,000. Taarifa iliyotoka kwenye printa yangu ilisema hivi: kutoa 32,536. Katibu aliisoma kama alivyoiona. Alisema, mbele ya watu, kwamba mama huyo anadaiwa na chama shilingi 32,536.

Niliambiwa baadaye kwamba alisimama akasema hajawahi kukopa hata senti. Watu wakamhurumia, lakini wakatazamana. Karatasi ilikuwa imetoka kwenye kompyuta. Daftari la katibu nalo lilikuwa limebaki kwangu Arusha. Kamati ikaamua kwamba ombi la mkopo lisubiri mpaka jambo lichunguzwe, na kwa kamati yoyote yenye busara huo ulikuwa uamuzi wa kawaida. Lakini shule haikusubiri. Nafasi ya kijana ikachukuliwa na mwingine.

Habari zilinifikia baada ya wiki tano. Nilifungua daftari, nikajumlisha kwa mkono, nikapata 33,000. Nikairudisha kompyuta kwenye hesabu ile ile, ikaniandikia kutoa 32,536 bila haya, bila kengele, bila neno la onyo. Usiku huo sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa yule rafiki, nikaomba mwongozo, na safari hii nikafungua zile kurasa nilizoziacha. Jedwali lilikuwepo. Lilisema wazi kwamba namba ya aina niliyoitumia huanzia kutoa 32,768 na kuishia 32,767. Tena lilitaja aina nyingine, kubwa zaidi, inayofika 2,147,483,647, ambayo ningeitumia kwa kubadili neno moja tu katika programu yangu. Lugha yenyewe ilikuwa na jina maalumu, MaxInt, lililowekwa ili mtunzi aweze kuuliza wakati wowote: kikomo chako ni kipi? Kitabu hakikuwa na kosa hata chembe. Mimi ndiye niliyeona kwamba ukurasa ule hauna thamani ya pesa ya kivuli.

Kwa msomaji asiyejua mashine hizi, nieleze kidogo. Kompyuta huweka namba katika vyumba, na kila chumba kina nafasi zake zilizohesabiwa, kila nafasi ikiwa na sifuri au moja. Chumba changu kilikuwa na nafasi 16. Nafasi 16 hutoa mipangilio 65,536, wala haiongezeki. Nusu yake hutumika kwa namba zilizo chini ya sifuri, nusu kwa sifuri na zilizo juu yake. Ndiyo maana upande wa juu unaishia 32,767. Ukiongeza moja hapo mashine haisimami. Inazunguka, kama ile mita ya gari la zamani inayofika 99,999 kisha inarudi kwenye sifuri, isipokuwa kwamba hii hairudi kwenye sifuri bali huangukia chini kabisa, kwenye kutoa 32,768, na kuanza kupanda upya. Toa 65,536 kwenye 33,000 na utapata deni lile la mama, shilingi kwa shilingi.

Nilipanda basi kwenda Mbulu, kisha nikatembea hadi Endagikot. Nilimkuta mama nje, anapepeta maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza nilichoweza, kwamba kosa ni langu, kwamba akiba yake ni 33,000 kamili, na kwamba nitasema hivyo mbele ya mkutano. Alinyamaza. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake zilikuwamo stakabadhi zote alizowahi kupewa na katibu, hata moja haikukosekana. Hakujua kuzisoma, lakini alijua ni ngapi. Akaniambia:

«Mwalimu, mimi debe langu nikijaza maharage mpaka juu, nikiongeza yanamwagika, nayaona. Wewe mbona hukutuambia tangu mwanzo kwamba daftari lako linajaa?»

Hilo ndilo swali. Nilijaribu kumjibu kwamba sikujua. Akasema, bila hasira, «Basi kitabu chako hakikujua?» Nikamwambia kitabu kilijua. Akaendelea kupepeta.

Mkutano uliofuata nilisimama nikaeleza kosa langu. Chama kilimpa mkopo wake, na mwanawe alianza kidato cha kwanza mwaka uliofuata, katika shule nyingine. Watu wa kwetu ni waungwana, hakuna aliyenitukana. Lakini mwaka wa mtoto haurudishwi kwa kubadili neno moja katika programu, na majuto, kama wasemavyo, ni mjukuu.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa kurasa zile ambazo wengine huziruka. Kila nikikutana na lugha mpya ya kompyuta, mimi huanzia nyuma, kwenye majedwali ya vikomo na thamani zisizobadilika. Na katika kuzisoma nimekuja kuona kwamba ukurasa mzuri wa aina hiyo hutimiza wajibu wa aina tatu. Kwanza hutaja namba yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, ya juu na ya chini. Pili hutaja jina la kuitumia namba hiyo, ili mtu asiiandike kwa mkono. Tatu, na hapa miongozo mingi hupungukiwa, husema litatokea nini mtu akivuka: je, mashine itasimama na kupiga kelele, itakatalia pale pale kwenye kikomo, au itazunguka kimyakimya? Mimi ningeujua ule wa kwanza peke yake ningesalimika. Lakini ule wa tatu ndio uliomwumiza mama wa watu, maana kama programu yangu ingesimama na kukataa, katibu angenipigia simu kutoka posta, basi.

Wapo wanaodhani kwamba makosa ya namna hii ni ya walimu wa vijijini wenye vivuli vya vitabu. Sivyo. Mwaka huo huo wa 1996, tarehe 4 Juni, roketi mpya ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa. Haikupita hata dakika moja, ikageuka upande na kulipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba namba moja inayohusu mwendo wa roketi ilikuwa kubwa mno kuingia katika chumba cha nafasi 16, chumba kile kile changu, chenye mwisho wa 32,767. Sehemu hiyo ya programu ilitoka kwenye roketi iliyotangulia, Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuifikisha namba hiyo kwenye kikomo. Wahandisi wa mwanzo walikuwa wamefikiri na kuamua kwamba namba ile haitazidi, na kwa roketi yao walikuwa na haki. Lakini sababu ya uamuzi wao haikuandikwa ndani ya programu, mahali ambapo atakayeirithi angeiona. Niliposoma habari hiyo sikufurahi kwamba wakubwa nao wamekosea. Nilifikiri tu kwamba swali la mama lingewafaa nao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mashine itengenezwe na chumba kidogo namna hiyo. Jibu ni kwamba chumba kilikuwa kidogo kwetu tu. Fikiria mtu wa Marekani anayehesabu akiba kwa dola. Dola 32,767 ni mali, na hesabu ya mfanyakazi wa kawaida ingechukua miaka kufika huko. Benki Kuu yetu ilipofunguliwa Juni 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imepita shilingi 500, na kufika mwaka 2024 ilipita 2,500. Kwa hiyo chumba kile kile ambacho kwa Mmarekani kilikuwa ghala, kwa mama wa Endagikot kilikuwa kibaba. Leo hii noti nne za shilingi elfu kumi, ambazo mtu hubeba kwenye mfuko wa shati akienda gulioni, zinakifurisha. Kikomo ni kile kile, lakini anayekifikia kwanza ni yule ambaye fedha yake ina sifuri nyingi.

Nimejifunza pia kwamba kuna namna mbili za kutangaza kikomo. Kanuni rasmi za lugha ya C, zilizopitishwa Marekani mwaka 1989, hazikusema kwamba namba kamili ya kawaida inaishia 32,767. Zilisema kila mtengenezaji lazima ahakikishe mwisho hauwi chini ya hapo, na lazima aandike katika faili maalumu mwisho wake yeye ni upi, kwa jina la INT_MAX. Hiyo ni hekima. Ni sawa na mwenye lori anayekuambia, «Gari langu halitabeba chini ya gunia 30, kama litabeba zaidi, soma kibao mlangoni.» Anayepakia kwa ahadi ya kwanza hatajuta kamwe. Anayepakia kwa kukumbuka lori la jana, shauri yake.

Na hizi thamani zisizobadilika nazo zina somo lake. Baadhi ni za kweli milele: uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake hauna bunge la kuubadili. Lakini nyingi tunazoziita hivyo zimethibitishwa na watu tu, na watu hubadili nia. Kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998 ilikuwa asilimia 20. Vijana waliotunga programu za maduka waliandika 20 hapa, 20 pale, kila mahali ilipohitajika. Julai 2009 ikashuka kuwa 18. Aliyekuwa ameiandika mara moja tu, juu kabisa, akaipa jina na kueleza imetoka wapi, alibadili mstari mmoja akaenda kunywa chai. Aliyeitawanya alikesha akiitafuta, tena kwa hofu, kwa sababu si kila 20 ni ya kodi. Nyingine ni idadi ya mistari kwenye risiti. Namba isiyo na jina haikumbuki kwa nini ilizaliwa.

Nikirudi nyumbani, nayaona mambo haya hata nje ya kompyuta. Wakulima wa nchi hii wanaijua lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, halijai likashonwa. Huongezewa kilemba cha nyavu juu, kikajazwa nacho, na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupita kukagua. Kwa nini mnyonge ndiye anayelindwa na namba hiyo? Kwa sababu mwenye nguvu haitaji kikomo kilichoandikwa. Anayo sauti yake. Asiye na sauti ndiye anayehitaji kitu cha kukielekezea kidole na kusema, imeandikwa hapa. Mama wa kopo la maziwa alikuwa na stakabadhi zake za kuelekezea kidole. Sikumpa yeye wala katibu ukurasa wa kuelekezea kidole kompyuta.

Siku hizi, nikiwa nimestaafu na kurudi Endagikot, vijana kadhaa hunijia jioni na kompyuta zao ndogo. Nawaandikia maelezo kwa Kiswahili, maana wengi huielewa hoja upesi zaidi ikiwa katika lugha waliyoizoea. Kazi ngumu huwa ni maneno. «Mwisho» halinitoshi, kwa sababu mwisho unaweza kuwa wa safari iliyokamilika vizuri. Nimechagua «kikomo», kwa kuwa lina sauti ya kukomeshwa. Ile thamani isiyobadilika naiita «thabiti», ila huwaonya kwamba thabiti ya sheria si thabiti ya duara. Na lile la kuvuka na kuzunguka nilihangaika nalo sana, mpaka nikaandika tu «kufurika», kisha nikaongeza sentensi: kufurika huku hakuonekani. Debe likifurika maharage huyaona chini. Chumba cha namba kikifurika hakimwagi kitu, na kinabaki na sura ya chumba kilicho salama.

Vijana hunicheka kidogo. Mmoja aliniambia, «Shikamoo Mwalimu, lakini hayo ni ya zamani. Python haina kikomo cha namba kamili. Inakua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu.» Ni kweli, nami nilimsifu kwa kujua. Kisha nikamwonyesha kwamba mwaka 2022 watunzaji wa lugha hiyo hiyo waliweka kikomo cha tarakimu 4,300 pale maandishi yanapogeuzwa kuwa namba, ili watu wabaya wasiichoshe mashine kwa kuilisha namba ndefu mno. Na kwamba wamekiandika katika mwongozo, pamoja na jinsi ya kukibadili. Nikamwuliza tena: namba yako isiyo na kikomo utaihifadhi wapi? Akasema kwenye hifadhidata. Tukafungua mwongozo wa hifadhidata yake. Safu aliyoichagua ilikuwa inaishia 2,147,483,647. Alikuwa anatunga programu ya hesabu za shilingi. Shilingi bilioni mbili ni nyingi kwa mtu mmoja, lakini si nyingi kwa halmashauri, wala kwa ushirika wenye mazao ya msimu mzima. Hata wale wa YouTube walifikia namba hiyo mwaka 2014, pale video moja ya mwimbaji wa Korea Kusini ilipotazamwa mara nyingi kuliko walivyotazamia, wakalazimika kupanua chumba. Kijana alibadili safu yake pale pale, nami nikamwomba afanye jambo moja zaidi: aandike kwenye maelezo yake kikomo kipya ni kipi, na kitatokea nini kikivukwa. Alikuna kichwa, akaandika mistari mitatu. Ilimchukua dakika kumi.

Kuna kikomo kimoja ninachokifikiria mara kwa mara. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na zile zinazoweka hesabu hiyo katika chumba cha nafasi 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Mbulu. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaamini kwamba ni Desemba 1901. Kompyuta kubwa zimekwisha kurekebishwa, lakini vipo vyombo vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, na hakuna anayejua ndani yake mna chumba cha ukubwa gani, isipokuwa kama yupo aliyeandika.

Sijui kama nitakuwepo siku hiyo. Mama yule amekwisha kutangulia mbele ya haki; mwanawe ni fundi, anafanya kazi mjini, na tukikutana hunisalimia vizuri. Ule mwongozo wangu wa kurasa kumi na moja bado ninao. Baada ya safari ile ya Endagikot niliuongezea ukurasa wa kumi na mbili, nikaubandika mwanzoni, kabla ya maelezo ya kuwasha kompyuta. Una sentensi chache tu. Ya kwanza inasema: daftari hili linajaa likifika shilingi 2,147,483,647, likikaribia hapo, acha kuandika na umwite mtunzi.